Mdundo Uliozidi

"Sikiliza hapa, bibiye. Hapa hapa!"

Dereva wa teksi aliongeza sauti ya redio, akaachia usukani mkono mmoja, akagonga dashibodi kwa vifundo vya vidole. Tatu za harakaharaka, kisha tatu, kisha moja peke yake.

"Umesikia? Nani anapiga ngoma hivyo kama si Bi Mbarka? Kile kizee kina jini vidoleni, wallahi."

Inspekta Hajiba Ouardi alikuwa ameusikia wimbo huo mpaka umemchosha. Abdenbi Lahrizi aliutoa siku moja baada ya kumzika kaka yake, akauita wimbo wa mwisho wa Mekki, na mji mzima wa Asfi, pale pwani ya Moroko, ukaukumbatia. Wauza dagaa waliugonga juu ya makreti yao, wafinyanzi waliugonga juu ya vyungu vibichi. Hajiba mwenyewe asubuhi ile alijikuta anaugonga juu ya meza ya jikoni huku chai inachemka, akajikasirikia.

"Na anayeimba ndiye aliyemuua," dereva aliendelea. "Wamnyonge tu! Mwanamke aliyevua nguo mbele ya simu atashindwa na lipi?"

"Video hiyo umeiona?"

Dereva alikohoa. "Watu walinirushia tu."

"Ukaitazama mpaka mwisho."

"Aa, bibiye, nawe..."

"Nishushe hapa."

Kituoni, Kamishna Sebti alimsubiri mlangoni. Nje ya geti walisimama watu wa magazeti na wale wenye kujirusha mubashara kwa simu zao, na kila mmoja alikuwa na jina moja tu mdomoni: Zahwa.

"Moja kati ya mawili, Hajiba," alisema Sebti. "Mwendesha mashtaka anakuja baada ya alasiri. Au unisainie ajali, au yule mwanamke anapanda karandinga kwa kesi ya mauaji. La tatu sina."

"Daktari anasemaje?"

"Moshi wa mkaa. Kila mwaka baridi ikiingia tunazika watu kwa moshi wa mkaa, hakuna jipya. Mtu amelala chumba cha ndani cha studio yake, dirisha limefungwa, jiko linawaka. Wale shikhat wanne, waimbaji wake wa harusi, walikuwa chumba cha pili wanarekodi. Wote wanne wanasema jiko liliwashwa kupasha ngoma."

"Na vile vidole?"

Sebti alikunja uso. Mekki Lahrizi alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango, na vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka mpaka kwenye nyama.

"Alianguka. Mtu akianguka anachubuka. Nenda kaongee na mwanamke wako."

Ijue Asfi yetu. Hatuolewi bila shikhat. Mwanamke akitoa sauti, akitikisa mabega, wazee wazima wanalia kama watoto, wanaapa hawajawahi kusikia kitu kitamu namna ile. Kesho yake ukimkuta yule yule anachagua nyanya sokoni, unavuka barabara usije ukamsalimia mbele za watu. Ndivyo tulivyo, na hatuoni haya.

Zahwa aliletwa chumba cha mahojiano bila pingu. Alikuwa amevaa jilaba ya kijivu, uso haukupakwa chochote. Koplo Bouazza aliyemleta alimkodolea macho kwa namna ambayo Hajiba aliielewa mara moja. Video ilikuwa imepita kwenye simu za kituo hiki pia.

"Toka, Bouazza. Funga mlango," alisema Hajiba. "Keti, Bi Zahwa."

"Damia. Zahwa ni jina la Mekki. Amelisajili, ni mali yake kama gari yake na fidla yake."

"Damia, ulisema mbele ya harusi nzima kwamba utamzika na fidla yake."

"Nilisema. Wamemzika bila fidla, hapo wamenipunja."

"Hapa si mahali pa mzaha."

"Sikufanya mzaha." Alikunja mikono juu ya meza. "Kampuni moja ya Casablanca ilinitaka. Nikamwambia Mekki naondoka. Akasema nenda salama, mwanangu, akanibusu hapa kwenye paji. Jioni yake video ikaanza kutembea. Kitanda chake, uso wangu. Uso wake yeye kaukata. Baba akanifungia mlango. Mume niliyeachana naye akapeleka simu kwa hakimu, na hakimu akaitazama mpaka ikaisha, ndipo akaamua mimi si mtu wa kulea mtoto. Mwanangu ana mwezi wa nne hajaniona."

"Kwa hiyo ulimuua."

"Ningemuua mimi, ingechukua siku nzima."

Hajiba aliandika. "Siku ile Mekki alikuwa wapi?"

"Alitoka harusini asubuhi, akaingia chumba cha ndani kulala. Abdenbi akawasha mashine, akaenda kuswali Ijumaa. Sisi tukaimba."

"Ulisikia nini kutoka chumba cha ndani?"

"Nilisikia ngoma."

"Labda ulivaa hedifoni."

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alicheka. "Miaka yote Mekki ananipigia kelele nizivae, sizivai. Mimi nimejifunza harusini, naimba kwa masikio yangu."

"Na jiko?"

"La kupasha ngoma."

"Liliwashwa na nani?"

"Na sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi."

Hajiba alimtazama, naye Damia akamtazama. Hakuna aliyeangalia pembeni.

Studio ya Lahrizi ilikuwa juu ya kilima cha wafinyanzi, nyumba ya chini yenye ua mdogo. Abdenbi alimpokea na msiba usoni na simu mbili mikononi, na kila moja ilikuwa inalia.

"Bado hamjamfunga?" aliuliza hata kabla ya salamu. "Kaka yangu yuko kaburini, na yule malaya anakunywa chai yenu!"

"Pole kwa msiba, Si Abdenbi. Wimbo wa malaya huyo unauzika?"

"Ni wimbo wa Mekki," alijibu, na simu moja akaitia mfukoni.

Ukutani kulikuwa na mabango matatu makubwa. Yote yaliandikwa ZAHWA, yote mwanamke amevaa kaftani moja ya kijani yenye mkanda wa dhahabu, lakini sura zilikuwa tatu. La mwisho lilikuwa la Damia. La kwanza lilikuwa limefifia, na Hajiba alikaribia hadi pua yake ikakaribia kuligusa.

"Huyu si Bi Mbarka?"

"Enzi hizo. Alipozeeka akarudi kupiga ngoma, tukamsitiri."

"Na huyu wa katikati, mwenye mwanya?"

"Yamna. Binti yake Mbarka. Alijirusha majabalini." Abdenbi aliinua mabega. "Wengine wana moyo mwepesi, hawaliwezi jina. Lakini jina halifi, Inspekta, jina ni mali ya ukoo. Kesho anakuja msichana mwingine kujaribiwa. Kaftani ile ile, tunabana kiunoni tu."

Hajiba aliliacha bango. Kwenye kona kulikuwa na kapu la taarija, zile ngoma ndogo za udongo wanazopigia shikhat. Akaokota moja, akainusa. Alipokuwa mtoto, kwenye harusi za ndugu zake, yeye na binamu zake ndio walioachiwa kazi ya kuzungusha ngoma juu ya makaa mpaka ngozi ikaze, na nguo zao zilinuka mbuzi aliyeungua mpaka siku ya kufuliwa. Ngoma hii haikunuka kitu. Akaiminya ngozi yake kwa ukucha.

"Plastiki."

"Tangu kiangazi," alisema Abdenbi. "Mekki alichoka na ngozi ya mbuzi. Ikipata unyevu inalegea, wanawake wanasimamisha kazi kuota moto, wanapiga soga. Tukawamba plastiki ngoma zote. Kazi inakwenda moja kwa moja."

"Ukiiweka motoni?"

"Inajikunja yote! Mwehu gani ataweka..." Alisita. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha mbaya. "Jiko halikuwa la ngoma! Nilisema mimi! Wameongopa wote! Mnyongeni sasa!"

Hajiba aliirudisha ngoma kapuni polepole. Wanawake wanne wameulizwa jiko la nini, na wote wanne wamejibu kile ambacho kila shikha amekijibu tangu mama zao, bila kukumbuka kwamba mbuzi ameshatoka kwenye ngoma zao. Uongo ungepita kwa yeyote. Na yeye, kwa werevu wake, ajali ameivunja sasa hivi, na kwenye foleni ya kunyongwa wa kwanza ni Damia.

"Taa hii?" aliuliza, akionyesha balbu nyekundu juu ya mlango wa chumba cha ndani.

"Nikiwasha mashine, inawaka. Sheria ya marehemu hiyo: taa ikiwaka hakuna kukohoa, hakuna kusimama, hakuna kufungua mlango, hata afe mtu." Alilisema kwa majivuno, kisha akalisikia alilolisema.

Mlango ule ulikuwa na komeo upande wa nje, maana chumba ndicho kilichotunza vyombo. Hajiba alilisukuma, likaenda laini. Lilikuwa limetiwa mafuta.

"Siku ile ulilikuta limefungwa?"

"Hapana. Mlango umeegeshwa tu. Nimerudi kutoka msikitini nawakuta uani wanakula kuskusi ya Ijumaa. Mbarka akaniambia kamwamshe kaka yako, sehemu yake tumemwekea, na nyama. Nikasukuma mlango, haukwenda vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa ameuzuia." Sauti ilimkatika kidogo. Marehemu alikuwa kaka yake, hata hivyo.

"Nataka kusikiliza wimbo kama mashine ilivyounasa. Kila mtu kivyake."

Abdenbi aliketi mbele ya mitambo, akamwonyesha: hii njia ya sauti ya Zahwa, hii ya Mbarka, hizi za wale wawili. Simu ikalia tena, ya redio fulani ya Rabat, naye akatoka nayo uani, kwa sauti ya huzuni nyingi kuliko ile ya mwanzo.

Hajiba alivaa hedifoni, akafungua njia ya Mbarka peke yake. Mkono wa kizee ulikwenda sawasawa, kama mtu anayetwanga. Alisubiri pale ambapo mji mzima unagonga. Pakafika, pakapita. Mkono wa Mbarka haukupiga tatu, wala tatu nyingine, wala moja. Ulipandisha nguvu tu, ukawa unapiga kama unaotaka kupasua udongo.

Akafunga njia hiyo, akafungua ya Damia, aliyesimama karibu kabisa na mlango wa ndani. Pale zilikuwepo. Tatu, tatu, moja. Nzito, za mbao. Na juu yake, Damia, aliyekuwa amefika mwisho wa ubeti na alipaswa kuacha, alivuta pumzi akauanza tena, kwa sauti ya juu kuliko mara ya kwanza.

Hajiba alivua hedifoni. Akaenda mlangoni, akaugonga kwa vifundo. Tatu, tatu, moja. Sauti ilikuwa ile ile.

Siku zote hizo. Makreti ya dagaa, dashibodi za teksi, meza yake ya jikoni. Alijipangusa mkono kwenye koti bila sababu.

"Umeupata," mtu alisema nyuma yake.

Bi Mbarka alisimama mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani. Alikuja kwa sababu Abdenbi alimwita. Kuna Zahwa wa nne wa kufundishwa kesho.

"Keti, mama," alisema Hajiba.

"Nasimama. Yule mpumbavu aliuweka redioni mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mekki maisha yake yote alitaka mji mzima ucheze kitu kilichotoka mkononi mwake. Haya, wanacheza."

"Jiko uliliwasha wewe?"

"Mimi. Na komeo nilisukuma mimi, na baadaye nikalirudisha mimi. Andika."

"Kwa sababu ya Yamna."

Kizee aliangalia bango la katikati. "Unajua mimba ilimtoka hapa ulipokanyaga? Ya nani, usiniulize, unajua. Taa inawaka. Akaniangalia mimi, mama yake, na mimi nikamwangalia Mekki nyuma ya kioo, naye akafanya hivi kwa kidole, endelea. Yamna akaimba mpaka mwisho, damu iko kwenye kiatu. Wimbo huo mmeuchezea harusi zenu zote. Hata wewe umeuchezea, mwanangu. Mtamu, eh?"

Hajiba aliukumbuka. Aliucheza kwenye harusi yake mwenyewe.

"Baada ya hapo alitaka kuondoka, akatolewa video. Zamani hizo ilikuwa kanda, watu wanaazimana. Akaenda majabalini. Mekki akaja msibani, akalia, akabeba kaftani kwa sababu ilikuwa ya studio." Alitema mate pembeni, studioni kwa watu, bila kuomba radhi. "Nikasubiri. Nikampigia ngoma miaka yote hiyo nikisubiri kitu, sijui nini. Kisha akamfanyia huyu mtoto Damia yale yale, hatua kwa hatua, hata lile busu la kwenye paji. Nikasema, basi. Ijumaa ile kalala, taa inawaka. Aliposikia kichwa kinamuuma akaja kugonga. Lakini sheria ni sheria, Inspekta. Taa ikiwaka hakuna kufungua mlango, hata afe mtu. Tulimtii mpaka mwisho."

"Tulimtii," Hajiba alirudia. "Wangapi?"

Mbarka aliduwaa kidogo tu. "Mimi. Wale wawili wako mbali, ukuta wa kule, ngoma mikononi, hawasikii lolote."

"Na Damia? Kinasa sauti chake kiko hapa. Hatua mbili kutoka mlangoni."

"Damia alivaa hedifoni."

Uani, Abdenbi alikuwa anamwambia mtu wa Rabat kwamba marehemu aliwapenda wasanii wake kama mabinti zake.

"Bi Mbarka. Alivaa hedifoni?"

"Masikio yote mawili. Andika, mwanangu."

Hajiba aliishika kalamu. Alimkumbuka mwanamke wa jilaba ya kijivu anacheka: sizivai. Alimkumbuka Bouazza na macho yake, na hakimu aliyetazama mpaka ikaisha. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliiacha ipande.

Akaandika: Mwimbaji alikuwa amevaa hedifoni.

Mbarka alitia kidole wino, akakandamiza karatasi kwa nguvu. Kisha akalibandua bango la katikati ukutani, akalikunja, akaliweka kwapani. "Hili linakuja na mimi. Akitaka, anishtaki."

Alasiri ilipoadhiniwa, karandinga lilimbeba kizee. Watu wa magazeti hata hawakumpiga picha. Walikuwa wanamngojea Zahwa. Sebti alisoma maelezo, akasoma tena, akamwangalia Hajiba.

"Alikiri hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Na huyu mwingine hakusikia kitu?"

"Umesoma, Kamishna."

Sebti alitia saini ya kuachiwa, Hajiba akatia yake chini. Damia aliletwa kaunta kuchukua mkufu na mkanda wake. Redio ya Bouazza ilikuwa inaimba, na Bouazza, ambaye alishamwona mwanamke huyu hana hatia na kwa hiyo amekuwa msanii tena, alimchekea kwa meno yote.

"Dada Zahwa, mimi shabiki wako namba moja. Sikiliza, nimeshaujua!" Akagonga kaunta kwa vifundo. Tatu, tatu, moja. "Ndivyo?"

Damia alikuwa anafunga mkufu shingoni. Alimaliza kuufunga.

"Umekosea," alisema kwa upole. "Baada ya ile moja kuna nyingine. Mashine haikuinasa, ilikuwa chini mno."

Akaweka ukucha mmoja juu ya mbao za kaunta, akauvuta polepole kuelekea kwake, ukakwaruza mpaka ukingoni, ukakoma.

Kisha akamgeukia Hajiba, akainamisha kichwa kama wanavyofanya shikhat harusi ikiisha, akatoka nje kwenye simu za watu. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Hajiba, na wino wa saini yake haujakauka.

"Ameuimba vizuri kweli wimbo ule," alisema Bouazza. "Unaona pale anapourudia ubeti?"

"Zima redio," alisema Hajiba.